Ngiri imenasa, utumbo umekatwa, tumbo limefunguliwa mara moja: kwenye klemu tunaandika operesheni ngapi?

#1 Kumbukumbu_Masasi
Wakuu habari za jioni. Niko kitengo cha kumbukumbu na bima kwenye hospitali moja huku kusini, sitaitaja. Kuna klemu, yaani dai la malipo tulilopeleka bima, imerudi na imenikaa rohoni. Baba wa makamo kaletwa usiku na ngiri ya kinena cha kulia imenasa, anatapika, tumbo limejaa. Wakamuingiza thieta wakafungua kinenani, wakakuta kipande cha utumbo mwembamba kimekuwa cheusi, wakakifunika vitambaa vya maji ya chumvi ya moto wakasubiri, rangi haikurudi. Ikabidi wafungue na katikati ya tumbo, wakate kile kipande, waunganishe ncha mbili, waoshe tumbo, halafu warudi kinenani wafunge ngiri yenyewe. Klemu ilienda na vitu vinne: laparotomi (kufungua tumbo), kukata utumbo, kuunganisha utumbo, kushona ngiri. Bima wamelipa kimoja tu, vingine wameandika "imejumuishwa" basi, bila maelezo.

Mganga mfawidhi kaniuliza mimi, na mimi nauliza nyinyi. Kwa utaratibu wa misimbo ya upasuaji hizi ni operesheni ngapi? Mi nasimamia kwamba ni mbili, sio moja wala sio nne.

#2 Chikongola_Kwetu
Usingizi mmoja, meza moja, kitanda kimoja. Moja hiyo, msitafute hela za watu.

#3 DktKusini
Mkuu #2 ungekuwepo ile saa nane ya usiku ungehesabu vingine. Kushona ngiri ambayo haijanasa ni kazi ya muda mfupi, mgonjwa kesho yake anatembea. Utumbo ukishaoza ni habari nyingine kabisa, una mgonjwa mwenye sumu mwilini, unaunganisha utumbo uliovimba, siku zinazofuata hulali vizuri unasubiri kama kiungo kitavuja au la. Kusema ni operesheni moja ya ngiri ni kumfuta yule mgonjwa.

Lakini na mleta uzi nikubane kidogo. Laparotomi hapo ni njia ya kuingilia. Nikishaingia nikafanya kazi ndani, kuingia siwezi kukuhesabia peke yake. Ningefungua, nikaangalia, nisiguse kitu nikafunga, hapo ndo laparotomi inasimama yenyewe.

#4 Misimbo_Lindi
Nimekuja mbio maana hii ndo kazi yangu, nasoma majalada ya wagonjwa wa Marekani nayawekea misimbo nikiwa nyumbani Lindi mjini. Wao kwa wagonjwa waliolazwa wanatumia ICD-10-PCS, ilianza 1 Oktoba 2015, kila upasuaji una msimbo wa alama saba na kila alama ina kazi yake. Kesi ya mleta uzi ingekuwa hivi:

0DBB0ZZ. Ya kwanza 0 ni upasuaji, D ni njia ya chakula, B ni kukata sehemu na kuitoa, B ya pili ni ileamu, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, 0 ni kwa kufungua, Z hakuna kifaa kilichoachwa ndani, Z ya mwisho hakuna nyongeza.
0YQ50ZZ. Hii ni kushona kinena cha kulia kwa kufungua, bila neti.

Mbili tu. Kuunganisha utumbo hakuandikwi peke yake, mwongozo wao umesema wazi kwamba hatua za kufika eneo la kazi na za kulifunga, pamoja na kuunganisha kiungo chenye umbo la mrija, zimo ndani ya operesheni kuu. Kwa hiyo laparotomi nje, kuunganisha nje. Kumbukumbu_Masasi uko sahihi kwa upande huo.

#5 Chikongola_Kwetu
Sa mbona ngiri ina Y na utumbo una D, si vyote tumboni?

#6 Misimbo_Lindi
Swali zuri. Kwenye ule mfumo kinena kinahesabiwa eneo la mwili, na kimewekwa kwenye kundi la viungo vya chini, yaani mlango mmoja na paja. Ngiri ni tundu kwenye ukuta, utumbo umepita tu hapo. Na nyongo nayo haiko kwenye D, iko F pamoja na ini, kutoa kifuko cha nyongo kwa kamera ni 0FT44ZZ. Ukizoea unaona mantiki yake, mwanzoni inachosha.

#7 Nesi_Newala
Jamani mnakimbilia upasuaji, ugonjwa je? Kumbukumbu, kwenye fomu ya bima uliandika namba gani ya ICD-10, ile orodha ya WHO ya magonjwa? Maana K40.3 ni ngiri ya kinena ya upande mmoja imeziba lakini HAKUNA gangrini, yaani hakuna kilichooza. Yenye gangrini ni K40.4. Na ikiwa imeziba na imeoza vyote kwa pamoja inaingia kwenye gangrini. Sasa ukiwapelekea K40.3 halafu chini unaomba hela ya kukata utumbo uliooza, anayekagua anaona mgonjwa hana utumbo uliooza, unataka afanyeje?

#8 Kumbukumbu_Masasi
Nesi umenigusa penyewe. Nimeenda kulitazama tena jalada, mapokezi daktari wa zamu kaandika K40.3 na kwa wakati ule alikuwa sahihi maana hakuna aliyejua ndani kuna nini. Baada ya thieta hakuna aliyerudi kubadilisha. Sistimu yetu inabeba ule wa mapokezi mpaka kwenye klemu.

#9 Nesi_Newala
Basi jibu lako ndo hilo, mengine mbwembwe.

#10 Aliyekaa_Dawatini
Siyo hilo peke yake dada. Nimewahi kukaa upande wa kukagua madai, sio lazima niseme wapi. Mkaguzi mbele yake ana orodha ya bei, na orodha ya bei sio kitabu cha misimbo. Orodha inasema huduma fulani, bei fulani, na ndani ya ile bei kuna vitu vimeshafungwa pamoja. Haimuulizi Mmarekani anahesabuje. Ukiwa na huduma mbili kwenye usingizi mmoja wengi wanalipa ile kubwa kamili na ile ndogo ama inapunguzwa ama inaachwa, inategemea mkataba wenu. Kwa hiyo Kumbukumbu kabla ya kulia, fungua mkataba, soma kipengele cha operesheni zaidi ya moja. Na hakikisheni mnatumia orodha ya sasa, kitita cha NHIF, yaani orodha yao ya huduma na bei, kilibadilika 1 Machi 2024, kuna vituo nimeona bado wamebandika karatasi ya zamani ukutani.

#11 DktKusini
#10 hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Kama orodha ya bei ndo inaamua nini kilifanyika basi takwimu za nchi zitaonyesha ngiri nyingi za kawaida na hakuna utumbo uliooza kusini yote. Halafu ukiomba mtaalamu wa usingizi wa pili unaambiwa kwa ngiri hizi wa nini. Malipo yapangwe wanavyotaka, ila kilichofanyika kiandikwe kama kilivyofanyika.

#12 Aliyekaa_Dawatini
Daktari sijakataa. Nimesema kwa nini klemu ilikatwa, sijasema inapendeza.

#13 Bi_Shangani
Salaam aleikum wanangu. Mimi sio mtu wa hospitali, nasoma tu, ila nina langu. Mdogo wangu alipasuliwa tumbo miaka ya nyuma, kwenye kikaratasi cha kuruhusiwa wakaandika "laparotomi imefanyika, hali nzuri" na tarehe ya kurudi kutoa nyuzi. Basi. Baadaye akawa anachoka, miguu inamuwaka moto, ganzi, tukampeleka Dar. Daktari wa kule anauliza, mama, walikata utumbo? Walikata wapi? Walikata kiasi gani? Tunatazamana. Mgonjwa mwenyewe alikuwa kalala, mimi nilikuwa nje kwenye benchi. Kovu linaonekana lakini ndani kilichofanyika hakuna ajuaye. Nyie mnagombania hela za bima, sisi tunataka kujua tumebaki na nini tumboni.

#14 DktKusini
Pole sana mama. Na ulichosema ni kizito kuliko klemu. Sehemu ya mwisho ya ileamu ndo inafyonza vitamini B12, ikikatwa ndefu mtu anaweza kukaa vizuri miaka halafu ndo akaanza hayo ya ganzi na kuishiwa damu, sababu ini lina akiba. Sijamuona mdogo wako siwezi kusema ndo yeye, ila yule wa Dar alikuwa na haki ya kuuliza.

#15 Misimbo_Lindi
Na hapa niongeze kitu ambacho watu wa misimbo hatupendi kukisema. Msimbo wenyewe haubebi urefu. 0DBB0ZZ ni ileamu imekatwa sehemu, iwe sentimita kumi iwe mita moja msimbo ni ule ule. CPT nayo, ile misimbo ya Chama cha Madaktari cha Marekani iliyoanza 1966, kukata utumbo mwembamba mara moja na kuunganisha ni 44120, urefu haumo. Kwa hiyo Bi Shangani hata wangemuandikia namba nzuri kabisa, swali la "kiasi gani" jibu lake liko kwenye maelezo ya daktari ya thieta na sio kwingine. Na daktari akiandika "utumbo mwembamba" tu bila kusema ni jejunamu (sehemu ya katikati) au ileamu mimi nalazimika kuweka 0DB80ZZ, utumbo mwembamba kwa ujumla. Siruhusiwi kubuni.

#16 Nachingwea_Ndani
Kwa hiyo wewe unakaa Lindi unakula pweza unajua utumbo wa mtu wa Chicago umekatwa wapi, halafu wa Bi Shangani haujulikani 😂

#17 Misimbo_Lindi
Na inauma kaka, usicheke.

#18 Mkulima_Nanyamba
Wakuu samahani natoka nje kidogo. Hizi ngiri ni kweli zinaletwa na kubeba magunia ya korosho? Msimu ukianza Oktoba vijana wa kwenye maghala wanabeba kutwa nzima, na namfahamu mmoja ana uvimbe kwenye korodani, anasema mshipa umeshuka, hataki kwenda popote anaogopa kisu.

#19 DktKusini
Kubeba mizigo kunaongeza msukumo tumboni, kukohoa muda mrefu pia, kujikamua chooni pia. Ukuta ukiwa dhaifu unaachia. Lakini wapo watoto wanazaliwa nayo na hawajabeba hata ndoo. Huyo kijana mwambie hivi, uvimbe ukigoma kurudi, ukawa mgumu, unauma, na akaanza kutapika, asisubiri asubuhi. Mgonjwa wa mleta uzi alisubiri.

#20 Nesi_Newala
Na inawezekana sio ngiri kabisa, ni busha. Huku Mtwara na Lindi mabusha ni mengi kwa ajili ya matende, minyoo inayoletwa na mbu. Kwenye kambi za upasuaji tunawapanga foleni, wote wamejiandikisha "mshipa", mabusha na ngiri wamechanganyika humo humo. Tunazima taa, tunaweka tochi nyuma ya uvimbe, maji yanapitisha mwanga uvimbe wote unang'aa mwekundu. Halafu unapapasa juu, kama vidole vinakutana juu ya uvimbe ni busha, kama uvimbe unaendelea kupanda mpaka kinenani hiyo ni ngiri, mtoe kwenye foleni. Namba nazo zinatofautiana, busha ni N43, ngiri K40, na upasuaji wake ni wa vitu viwili tofauti kabisa. Nimeona rejesta ya kituo imeandikwa ngiri ukurasa mzima kwa sababu aliyejaza alinakili kilichosemwa getini.

#21 Mkulima_Nanyamba
Shukrani dada, nitamfuata kijana kesho. Hapa bei ya mnada wa korosho wa juzi nayo inampa mtu ngiri bila kubeba gunia.

#22 Chikongola_Kwetu
Ya mnada fungueni uzi wake, AMCOS, watu wa vyama vya ushirika, wako macho humu 😂

#23 Mwalimu_wa_Thieta
Nimesoma wote nimechelewa. Naomba nipingane na Misimbo kidogo #4. Umesema mbili, sawa, kwa PCS. Lakini sio kila nchi inahesabu kwa namna moja. Uingereza wana OPCS-4, misimbo yao ya upasuaji, kukata ileamu ni G69, ngiri ya kinena ni T20, nao wanaziandika zote mbili ila wanaweka moja kuwa kuu na nyingine ya pili. Ipi kuu? Hapo ndo penye ugomvi. Mgonjwa alikuja kwa ngiri, lakini kazi kubwa ilikuwa utumbo. Mimi naweka utumbo mbele.

#24 Misimbo_Lindi
Hatupingani mwalimu, tunakubaliana kwa sauti kubwa. Hata kwa CPT ningeandika 44120 kwa utumbo na 49507 kwa ngiri iliyonasa, na 44120 inatangulia. Laparotomi 49000 kwenye kitabu imewekewa alama ya huduma ya peke yake, maana yake ikiwa ni njia tu ya kufikia kazi nyingine inamezwa. Ndo kile alichosema daktari #3.

#25 Nachingwea_Ndani
Je wakitoa kidole tumbo wakiwa njiani? Shemeji yangu alipasuliwa kitu kingine, daktari akasema "nimekutolea na kidole tumbo kisije kikakusumbua". Bili ikaja na vitu viwili.

#26 Misimbo_Lindi
Kidole tumbo kizima kilichotolewa njiani bila sababu, kwa CPT kwa kawaida hakihesabiwi. Kikiwa kinaumwa na daktari kaandika kinaumwa, kuna 44955 ya nyongeza juu ya operesheni kuu. Kikiwa ndo operesheni yenyewe, 44950 kwa kufungua, 44970 kwa kamera, na kikiwa kimepasuka na usaha ni 44960. Kwa PCS wao hawaangalii kimepasuka au hakijapasuka kwenye upasuaji, kukitoa chote ni 0DTJ0ZZ kwa kufungua au 0DTJ4ZZ kwa kamera, kupasuka kunaonekana kwenye namba ya ugonjwa.

#27 Mwalimu_wa_Thieta
Na Waingereza wao wanatenganisha cha dharura na kisicho cha dharura, H01 na H02. Kila mtu kachagua cha kumshughulisha. Huku kwetu ingefaa sana ya dharura, maana ya kupanga ni chache.

#28 Kumbukumbu_Masasi
Wakuu nashukuru mnavyochangia. Leo nimeketi na rejesta ya thieta. Ina safu ya jina, umri, ugonjwa kabla, operesheni, mpasuaji, usingizi. Safu ya operesheni upana wake ni vidole vitatu. Ya yule baba imeandikwa "herniorrafi + R/A" na sahihi. Herniorrafi ni kushona ngiri, hiyo R/A ni kukata na kuunganisha. Karatasi ya maelezo ya daktari iko kwenye jalada mistari minne, imesema "utumbo umekufa umekatwa, umeunganishwa tabaka mbili, tumbo limeoshwa". Ileamu au jejunamu haimo. Sentimita hazimo. Sasa na mimi nikiwa mkaguzi ningeuliza.

#29 DktKusini
Nitawatetea wenzangu. Saa kumi alfajiri umemaliza, mama mjamzito yuko mlangoni anasubiri meza ile ile, unaandika mistari minne ukisimama na glavu mkono mmoja. Mpasuaji ni mmoja, labda na daktari msaidizi. Usimlinganishe na mtu wa Ulaya anayezungumza kwenye mashine na kuna mtu wa kumuandikia.

#30 Mwalimu_wa_Thieta
Daktari nakuheshimu lakini hapana. Kusema "ileamu, sentimita 30 kutoka kwenye kona ya siikamu (mwanzo wa utumbo mpana), kipande cha sentimita 15" ni maneno machache kuliko yale ya kuosha tumbo. Nesi wa thieta anaweza kuwa na rula na kukuuliza kabla hujavua glavu. Nawafundisha wanafunzi hivyo na wanaweza. Shida ni kwamba hakuna anayerudishiwa karatasi ikiwa pungufu.

#31 DktKusini
Hiyo ya rula nimeichukua. Ya kurudishiwa karatasi alfajiri bado nasema tuongeze watu kwanza.

#32 Aliyekaa_Dawatini
Mnaona sasa. Hata bima ikiamua kulipa mbili kesho, kwa karatasi ya #28 mkaguzi ana ngiri ya K40.3 na "R/A". Mi bado nasema mkataba kwanza.

#33 Nesi_Newala
Na mi bado nasema K40.4 kwanza.

#34 Misimbo_Lindi
Na kuna la tatu, sisi hatuna kitabu chetu kimoja cha upasuaji tunachokishika wote. ICD ya WHO ni ya magonjwa. ICD-11 ilipitishwa 2019 ikaanza kutumika rasmi 1 Januari 2022, nayo ni ya magonjwa. Ya upasuaji WHO walijaribu 1978 na ICPM, sasa kuna ICHI, inaangalia vitu vitatu: kiungo gani, kitendo gani, kwa njia gani. Kwa kesi hii ungesema ileamu, kukata, kwa kufungua. Ni rahisi kuliko PCS na imetengenezwa nchi zisizo na mfumo wake zipate pa kuanzia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ikishika kasi, watu wengi wataingia, na kila hospitali ikiendelea na majina yake ya operesheni sijui tutalinganisha nini na nini.

#35 Chikongola_Kwetu
Nimekaa kimya nimesoma. Nabadilisha, ni mbili. Ila laparotomi msiirudishe.

#36 Bi_Shangani
Mwanangu Kumbukumbu, huyo baba anaendeleaje lakini? Mmeongea hela na namba sijasikia hali yake.

#37 Kumbukumbu_Masasi
Karuhusiwa mama, kiungo hakikuvuja, yuko kwao. Nimemuomba mpasuaji wake aandike upya kikaratasi cha kuruhusiwa, aweke ni sehemu gani na urefu kadiri alivyopima, amekubali, mwanae anakuja kukichukua Jumatatu. Klemu nairudisha ikiwa na K40.4, kukata utumbo mbele, ngiri ya pili, karatasi ya thieta imeambatishwa. Mkataba nao nimeuomba ofisi ya mhasibu, bado hawajaupata.

#38 Bi_Shangani
Alhamdulillah. Hicho kikaratasi wakitie kwenye nailoni, mvua zinakuja.

#39 Ruangwa_Juu
Samahani nimeingia sasa hivi. Mama yangu utumbo mpana ulijisokota wakamuwekea kolostomi (utumbo umetolewa nje kwenye ngozi ya tumbo), wameshamuita kwenda kuufunga. Kufunga kolostomi ni operesheni mpya au ni muendelezo wa ile ya kwanza? Bima wanasema muendelezo.

#40 Misimbo_Lindi
Mpya. Kwa CPT ina namba zake, 44620 kufunga tu, 44625 na 44626 kama wanakata na kuunganisha tena. Uliza kama ya kwanza walikata sigmoidi (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana kabla ya rektamu) na kuziba upande wa chini, kama ndivyo basi yako ni 44626. Omba karatasi ya thieta ya mara ya kwanza kabla hajalazwa.

#41 Aliyekaa_Dawatini
Mpya kwa misimbo, ila na wewe Ruangwa soma mkataba wa hiyo bima kuhusu operesheni za awamu mbili.

#42 Nesi_Newala
Haya yameanza tena 😂 Ruangwa njoo faragha nikuelekeze maandalizi, kabla ya siku ya kufunga wanampiga picha yenye dawa kuona upande wa chini umepitika, hicho kipimo kiulizie mapema kinafanyika wapi.

#43 Ruangwa_Juu
Nakuja dada, ahsante.